Tarehe 20 Oktoba

Jioni hii nataka tuifungue kalenda mahali pamoja tu, tarehe 20 Oktoba. Jirani zetu wa Kenya huiita Siku ya Mashujaa. Zamani iliitwa Siku ya Kenyatta, kwa kuwa Jomo Kenyatta alikamatwa tarehe hiyo mwaka 1952. Mimi nitasema habari za mashujaa wa mbio.

Mwaka 1968 tarehe hiyo iliangukia Jumapili, na michezo ya Olimpiki ilikuwa ikifanyika katika jiji la Mexico. Jiji lile limeinuka zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kama mara mbili ya Dodoma yetu. Hewa ya huko ni nyepesi, na mtu akimbiapo pumzi humwishia upesi.

Siku hiyo Kipchoge Keino wa Kenya alishindana katika mita 1,500. Juma moja kabla, katika mita 10,000, alikuwa ameanguka kwa maumivu ya nyongo, na waganga wakamkataza kukimbia tena, hakuwasikia. Mwenziwe Ben Jipcho alikaza mwendo tangu mzunguko wa kwanza ili kumchosha Jim Ryun, Mmarekani aliyeshika rekodi ya dunia. Kisha Keino akatangulia, asikamatwe tena, akashinda kwa karibu mita 20. Siku hiyo hiyo Dick Fosbury wa Marekani aliruka juu mita 2.24 kwa kutanguliza mgongo, jambo lililowashangaza wengi. Leo warukaji karibu wote hufanya vivyo hivyo.

Lakini habari niipendayo zaidi ni ya marathoni. Ukitoka hapa Haneti kwenda kaskazini, ukapita Kondoa na Babati, utafika Mbulu, nchi ya John Stephen Akhwari. Yeye ndiye aliyekimbia kwa ajili ya Tanzania. Njiani, wakimbiaji waliposongamana, aligongwa akaanguka. Goti likajeruhiwa na kuteguka, na bega likaumia. Akafungwa kitambaa, akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea.

Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha kushinda kwa saa 2 na dakika 20. Watazamaji wengi walikwisha kwenda zao, na giza lilikuwa likiingia, Akhwari alipotokea uwanjani, damu na kitambaa mguuni. Wachache waliobaki wakasimama na kumpigia makofi. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali hivyo ili aanze mbio, bali azimalize.

Katika michezo ya shule nimeona mara nyingi mtoto akitoka njiani kwa kuogopa kuchekwa kuwa wa mwisho. Basi, wanafunzi, sikilizeni hesabu hii. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57. Akhwari ameandikwa wa 57, saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Abebe Bikila, aliyeshinda marathoni ya mwaka 1960 na ya 1964, hakuandikiwa saa yo yote siku ile, maana aliumwa mguu akatoka njiani. Simlaumu, kwani maumivu yake aliyajua mwenyewe. Lakini daftari ndivyo lilivyo.

Mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari alikimbia marathoni tena. Alimaliza akiwa wa 5, kwa saa 2 na dakika 15.