Njia ya Kwenda Ziwani Iandikwe Kabla ya Uzio

Mada kwa wakazi wa kata za mwambao wa Ziwa Nyasa, Wilaya ya Kyela



Kila siku ya soko pale Lyulilo, mitumbwi kutoka Ikombe hufika ikiwa imesheheni vyungu vya akina mama wa Kikisi. Wavuvi huanika nyavu mchangani, na watoto hushuka kuchota maji. Njia hizo tumezirithi. Lakini viwanja vya ufukweni sasa vinatafutwa kwa ajili ya nyumba za wageni. Je, uzio ukisimama kesho kati yetu na maji, tutadai njia kwa ushahidi gani?

Wapo wanaosema tunalindwa na mita 60. Ni kweli kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hata hivyo, katazo hilo linahifadhi ukingo tu; halitufungulii njia katikati ya kiwanja kilicho nyuma yake.

Mila nayo ina nguvu. Huko Marekani, katika jimbo la Oregon, wenye hoteli walitaka kuzungushia uzio mchanga uliokuwa mbele ya jengo lao. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliwakatalia, kwa kuwa umma uliutumia ufukwe huo tangu zamani, kwa amani na bila kukatizwa. Lakini haki hiyo ilipatikana baada ya kesi, na kesi ni gharama.

Sisi tunayo njia nyepesi zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja na kuiandika katika daftari lake. Halmashauri ya Kijiji hupendekeza. Mkutano Mkuu wa Kijiji huamua. Tena, Halmashauri ya Kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano huo. Asiyehudhuria huwaachia wengine wamwamulie.

Kwa hiyo, ndugu wananchi, tufanye mambo matatu. Kwanza, wazee na vijana wapite pamoja kuzitambua njia, mialo na sehemu za kuanikia. Pili, ziingizwe katika daftari na katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Tatu, akina mama wasikilizwe, kwani sheria inabatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake haki ya kutumia ardhi.

Mwekezaji mwema hatachukia. Atajua mapema mipaka yake. Na mgogoro ukizuka, Baraza la Ardhi la Kijiji litasuluhisha likiwa na maandishi mkononi. Mali bila daftari hupotea bila habari.