NASAHA: MAKTABA NA MAJARIDA YALIYOLIPIWA KWA JINA LA MTU BINAFSI



Majarida ya kitaalamu yana gharama. Wachapishaji wengi wa nchi za nje huweka bei mbili: ndogo kwa mtu binafsi, kubwa kwa taasisi. Ndiyo maana huulizwa iwapo maktaba yaruhusiwa kupokea jarida lililolipiwa kwa jina la mtu.

Na uchukuliwe mfano wa mwalimu mwenyeji wa Visiwani aliyefanya kazi Musoma. Anastaafu, anahama Mukendo, na anayo makasha ya majarida ya miaka kumi. Nakala hizo ni mali yake. Akitaka kuziweka wakfu kwa maktaba ya mkoa, maktaba yaweza kuzipokea. Haki ya maandishi hubaki kwa mwenyewe, bali karatasi aliyokwisha kuiuza si yake tena. Kanuni hii ni kongwe: mwaka 1908, katika shauri la Bobbs-Merrill dhidi ya Straus, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba hakimiliki haimpi mchapishaji uwezo wa kupanga bei ya kitabu alichokwisha kukiuza.

Hali hubadilika pale mtu anapoendelea kulipa bei ndogo, kisha akaagiza kila toleo lipelekwe maktaba. Hapo suala ni mkataba. Aliyekubali sharti la kusoma mwenyewe amefungwa nalo, na ahadi ni deni. Mkutubi ayasome masharti ya mchapishaji kabla ya kupokea.

Kwa majarida ya kompyuta, alicholipia mtu ni ruhusa ya kusoma. Neno lake la siri halitolewi sadaka. Vilevile, kutoa vivuli vya toleo zima kwahitaji idhini ya mwenye haki, ambaye hulindwa Tanzania Bara na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na Zanzibar na Sheria ya Hakimiliki ya 2003.

Njia ya halali ipo. Mpango wa HINARI wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza 2002, na ule wa AGORA wa Shirika la Chakula na Kilimo, ulioanza 2003, huzipatia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bila malipo au kwa bei nafuu.

Basi mkutubi asiyakatae makasha ya mstaafu kwa hofu, wala asiijaze rafu kwa jina la kuazima. Mtoaji atie saini hati ya kutoa, na maktaba iiandike katika daftari lake.