Ukurasa Unapokataa Simu Yako

Leo tunazungumzia jambo lililowakuta wengi wenu. Umenunua bando kwa shida, umefungua tovuti ili ujaze fomu ya shule au ya kazi, na badala ya fomu unaletewa maneno kwamba kivinjari chako hakifai.

Kivinjari ni ile programu unayoibonyeza ili uingie kwenye intaneti. Kwa mmoja ni Chrome, kwa mwingine ni Opera Mini, kwa mwingine Firefox. Kazi yao ni moja, kukuletea ukurasa na kukuonyesha, ila kila moja ina waliyoitengeneza.

Mtu akisoma maneno yale hudhani simu yake ni mbovu, au kwamba yeye ndiye hajui. Hapo ndipo hutokea mjanja wa kumwambia: leta pesa kidogo, mimi nitakujazia. Kabla hujafungua mfuko, sikiliza yaliyotokea Marekani.

Tarehe 29 Agosti 2005, kimbunga Katrina kilipiga kusini mwa nchi hiyo. Katika mji wa New Orleans kuta na matuta ya kuzuia maji yalibomoka, na sehemu kubwa ya mji ikazama. Zaidi ya watu milioni moja walihama makwao. Wengine walilala kwenye viwanja vya michezo, wengine kwa jamaa katika majimbo ya mbali. Ilikuwa nchi tajiri, lakini foleni ya maji na ya chakula nyinyi mnaijua.

Shirika la serikali linaloshughulikia maafa, FEMA, liliwataka waathirika wajiandikishe kwa simu au kwenye tovuti yake ili wapate msaada. Simu zilijaa, watu wakapiga na kupiga. Walioamua kutumia tovuti, baadhi yao walikuta mlango umefungwa, kwa sababu fomu ile ilikubali kivinjari kimoja tu, Internet Explorer 6 cha kampuni ya Microsoft, kwenye kompyuta za Windows. Aliyekuwa na kompyuta ya Apple hakupita. Aliyetumia Firefox hakupita. Mtu amepoteza nyumba, ameazimwa kompyuta na msamaria, naye anarudishwa mlangoni kwa sababu ya jina la programu.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Wakati ule karibu watu tisa katika kila kumi walitumia Internet Explorer. Firefox ilikuwa imetoka Novemba 2004, haijatimiza hata mwaka. Watengenezaji wengi wa tovuti walijaribu kazi yao kwenye kivinjari kile kimoja, wakaona inafanya kazi, wakaishia hapo. Sidhani kulikuwa na nia mbaya. Ni kwamba hakuna aliyejiuliza mtu wa kumi atafanya nini. Na kanuni za kutengeneza kurasa zinazofunguka kwenye kila kivinjari zilikuwapo, zikitunzwa na chama cha W3C alichokianzisha Tim Berners-Lee mwaka 1994.

Baadaye mambo yalibadilika. Watumiaji wa Firefox waliongezeka, Chrome ikatoka mwaka 2008, na tovuti kubwa hazikuweza tena kuwafukuza watu wengi kiasi hicho. Internet Explorer yenyewe Microsoft iliistaafisha tarehe 15 Juni 2022. Lakini tabia haikustaafu. Siku hizi kurasa nyingi hujaribiwa kwenye Chrome tu, tena kwenye simu mpya, na mwenye simu ya miaka minane anabaki nje.

Sasa turudi kwenye simu yako. Kivinjari kinapobisha hodi kwenye tovuti, hutaja jina lake na toleo lake, kama wewe unavyojitaja getini. Tovuti nyingine hutazama jina tu, na kama halimo kwenye orodha, hukataa bila hata kujaribu. Kwa hiyo ukikataliwa, jaribu kivinjari kingine kwenye simu ileile. Kama ulitumia Opera Mini, fungua kwa Chrome au Firefox. Angalia pia tarehe na saa ya simu, maana zikiwa si sahihi kurasa nyingi salama hukataa kufunguka. Na ndani ya vile vidoti vitatu vya Chrome kuna sehemu ya kuomba ukurasa ufunguke kama kwenye kompyuta. Mara nyingine hilo peke yake linatosha.

Opera Mini nitaieleza zaidi, kwa kuwa wengi mnaipenda, na mna haki. Inapobana matumizi kwa nguvu zote, ukurasa hupitia kwanza kwenye kompyuta za kampuni yake, unapunguzwa, ndipo unakufikia. Ndiyo maana inakula MB chache, na kwa kusoma habari ni nzuri sana. Lakini fomu inayotaka upandishe picha au uchague tarehe inaweza kukwama. Tena katika hali hiyo kompyuta zile za katikati hufungua hata ukurasa uliofungwa kwa kufuli. Nywila, pesa za simu na namba ya faili lako usizipitishe huko.

Usipokee kivinjari cha kurushiwa kwa Bluetooth au kwenye memori kadi ya rafiki, hata akiapa kwamba kinafungua kila kitu. Kipakue Play Store.

Na ikishindikana kabisa? Piga picha ya skrini yale maneno ya kukataa, uende nayo kwenye dawati la msaada mapema, kabla siku ya mwisho haijafika, uombe njia nyingine ya kujiandikisha. Hiyo picha ni ushahidi kwamba ulijaribu. Huduma za UNHCR na washirika wake ni bure, pamoja na fomu zake. Anayekutoza ili akujazie anakuibia.

Vijana mnaojifunza kutengeneza tovuti hapo kambini, kabla hamjamkabidhi mtu kazi yenu, ifungueni kwenye simu ya bei ya chini kabisa mtakayoazima, kwa vivinjari vitatu tofauti. Nanyi wa maofisini mnaotusikia, wekeni namba ya simu juu kabisa ya fomu, palipo wazi, ili aliyekataliwa aione hata kama sehemu nyingine yote imegoma kufunguka.