Maumivu ya Kiuno na Kazi Zetu
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama wa Malindi na Kilifi)



Nimeombwa niseme juu ya maumivu ya kiuno. Wako hapa wanaopakia chumvi Gongoni, wanaokata mkonge Vipingo, na wanaochonga mawe machimboni. Hao wanayajua kuliko mimi. Shirika la Afya la Dunia lilihesabu kwamba mwaka wa 2020 watu milioni 619 walikuwa nayo. Basi anayeumwa asione haya.

Zamani tuliambiwa: ukishikwa na kiuno, lala. Neno hilo limegeuka. Mwaka wa 1995 yalichapishwa majaribio yaliyofanywa mjini Helsinki, nchi ya Finland, kwa wafanya kazi wa baraza la mji walioshikwa na kiuno. Wengine walilazwa siku mbili, wengine wakapewa mazoezi ya mgongo, na wengine wakaambiwa waendelee na shughuli zao kadiri walivyoweza. Waliopona upesi ni hao wa mwisho. Waliolala ndio waliochelewa zaidi.

Kwa nini? Mara nyingi jeraha hupoa katika majuma machache, lakini hofu hubaki. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu huogopa kuinama, asipoinama misuli hulegea, misuli ikilegea, akiinama kidogo huumia, akiumia husema, "Nilijua, mgongo wangu umevunjika." Maumivu hayo ni ya kweli, si ya kujifanya. Lakini hofu huyalisha.

Kwa hiyo wataalamu wa tiba ya viungo siku hizi hutibu fikra na mwenendo pamoja na misuli. Mwaka wa 2023 Shirika la Afya la Dunia lilitaja tiba hiyo, pamoja na mafunzo na mazoezi, kuwa yafaa kwa kiuno kilichouma zaidi ya miezi mitatu. Mikanda ya kufunga kiuno halikuikubali kuwa tiba.

Tiba yenyewe ni hivi. Tuseme ni mchukuzi wa magunia. Kwanza mtaalamu humwuliza anaogopa nini. Pili huijaribu hofu hiyo: ainame aokote kopo tupu, aone mwenyewe kama kuna kilichokatika. Tatu humwekea kipimo: juma hili atembee dakika 10 kila siku, juma lijalo 12. Siku ya nafuu asizidishe. Siku ya maumivu asiache. Wengi wetu hufanya kinyume: siku ya nafuu tunafanya kazi ya siku tatu, kisha tunalala siku nne. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini angalieni. Mkojo ukizuilika au ukitoka wenyewe, ganzi ikishika mapajani kwa ndani na sehemu za siri, miguu ikipoteza nguvu, au maumivu yakija na homa au baada ya kuanguka kutoka juu, usingoje mazoezi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa neno la chama. Yuko tajiri atakayesema, "Kumbe ugonjwa uko kichwani! Rudi ukabebe." Hapana. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mtu mzigo ambao kwa uzito wake waweza kumdhuru. Iko pia Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo. Ukiumia kazini, mjulishe msimamizi mara moja mbele ya shahidi, na umwambie katibu wa tawi.

Tena, kibarua alipwaye kwa kipande atafuataje kipimo cha mtaalamu? Akipunguza mwendo, watoto wanalala njaa. Akikaza, kiuno kinarudi. Hofu hiyo haitibiwi na daktari. Inatibiwa na mapatano. Basi naomba matawi yetu yadai kazi nyepesi kwa anayetoka kuumwa, kwa majuma yatakayoandikwa na mtaalamu, bila kupunguziwa mshahara.

Mfanya kazi akiacha kuliogopa gunia, na gunia nalo lipunguzwe uzito.