Titi Jipya na Bei Yake

Msikilizaji, mwanamke akishaambiwa titi lazima likatwe, huuliza kama atapona na huuliza pesa. Swali la tatu wengi hulimeza kwa haya: kifua changu kitabaki vipi? Leo nalisema mimi, kwa sababu nalo lina bei, na bei hiyo haiandikwi yote kwenye risiti ya hospitali.

Njia inayosikika nyepesi ni kuwekewa kifuko cha silikoni au cha maji ya chumvi. Upasuaji wake ni mfupi kuliko zile nyingine na kidonda ni kimoja. Lakini kifuko hakidumu maisha. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inashauri mwenye silikoni apigwe picha ya ultrasaundi au MRI baada ya miaka 5 au 6, kisha kila miaka 2 au 3, maana inaweza kuvuja usihisi chochote. Anayeishi Upanga ataona ni jambo dogo. Anayeishi Tunduru apige kwanza hesabu ya nauli na ya mahali pa kulala.

Halafu kuna mionzi. Kwetu wengi hufika hospitali uvimbe umeshakuwa mkubwa, hivyo baada ya kukatwa huhitaji kupigwa mionzi. Mionzi hukaza ngozi, na kovu linalokizunguka kifuko linaweza kukibana mpaka titi likawa gumu na kuuma. Ndipo mama anarudi tena mezani kwa daktari.

Njia ya pili ni kutumia nyama ya mwili wako mwenyewe. Hapa, kusema kweli, nina ugomvi kidogo na namna tunavyoelezwa. Daktari anaweza kuhamisha msuli mpana wa mgongoni kuuleta kifuani. Titi linapendeza, ni lako, ni la moto kama mwili. Ila msuli ule ndio unaofanya kazi unapovuta ndoo kisimani au unaposhusha mchi kwenye kinu. Akichukua msuli wa tumbo, tumbo linaweza kulegea, na wengine hupata ngiri. Mwanamke wa ofisini huenda asione tofauti kubwa. Anayelima kwa jembe na kubeba mtoto mgongoni ataiona asubuhi ya kwanza atakaporudi shambani. Sisemi mkulima asitengenezewe titi! Nasema aulizwe kwanza: mama, unakula kwa kazi gani?

Ipo namna ya kuchukua ngozi na mafuta ya chini ya kitovu na kuuacha msuli pale pale. Ni kazi ya kuunganisha mishipa midogo ya damu chini ya hadubini, na saa 8 za nusu kaputi si ajabu. Inataka mabingwa waliobobea, na wauguzi wa kukesha wakichungulia kama damu inapita. Nchi kama Marekani, ambako sheria ya mwaka 1998 inazibana bima nyingi zinazolipia kukatwa titi zilipie na kulirudisha, wagonjwa huizungumza njia hii kwa wepesi. Wewe iulize bima yako mapema kama inayaita haya matibabu au urembo.

Na yupo anayesema, niacheni bapa. Huyo naye ana haki ya fundi mzuri. Mwambie daktari kabla ya upasuaji, ngozi iondolewe vizuri na kovu lilale, isije ikabaki nyama ya kuning'inia kwapani inayosuguana na sidiria kila siku. Ukitaka umbo ndani ya gauni, Kenya wapo wanawake waliopitia saratani wenyewe wanaofuma matiti ya uzi. Ni mepesi, hayachomi kovu, unayafua na kuyaanika. Tatizo lake ni huo huo wepesi: sidiria hupanda upande mmoja, mpaka utie ndani kitu chenye uzito kidogo.

Jambo moja huwa halisemwi kabla ya fomu kusainiwa. Titi linaweza kutengenezwa hata miaka kadhaa baada ya matibabu kwisha. Saratani ndiyo yenye haraka. Kwa hiyo mgonjwa akisema hajaamua, daktari aandike hivyo hivyo kwenye faili, wala ndugu wasimwamulie koridoni.