Orodha ya Chumba cha Upasuaji
Kosa likitokea kazini, swali la kwanza huwa ni nani kakosea. Barua ya onyo inaandikwa, mtu anahamishwa, na utaratibu uliomponza unabaki kumsubiri mwenzake. Shirika la Afya Duniani lilijaribu njia nyingine. Katika hospitali 8 za nchi 8, Ifakara hapa Tanzania ikiwamo, wahudumu walianza kupitia kwa sauti orodha ya mambo 19 kabla na baada ya upasuaji. Matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Wahudumu hawakufukuzwa ili waletwe wengine.

Atakayesema huku ni kuwakingia kifua wazembe ana nusu ya hoja: anayekuja kazini amelewa aadhibiwe. Lakini wengi hukosea kwa uchovu au kwa kutojulishwa, na adhabu hapo hufundisha kuficha. Pingamizi zito zaidi linatoka Ontario, Canada: orodha ya aina hiyo ilipofanywa lazima, utafiti wa 2014 haukuona vifo vikipungua kwa kiasi cha kutajika. Kwa maoni yangu, orodha inayoshushwa kwa amri huishia kujazwa alama za kalamu tu, huku muuguzi aliyeona kasoro akiendelea kumwogopa daktari bingwa.