Saa Ambazo Mgeni Hayupo: Ujira wa Wahudumu wa Mikahawa Marekani



Naomba tuanzie mkahawani, saa moja kabla mlango haujafunguliwa. Mhudumu keshafika. Anafagia, anafuta viti, anajaza vichupa vya chumvi, anaviringisha kisu na uma ndani ya leso, mara mia na zaidi. Hakuna mteja, kwa hiyo hakuna bakshishi. Saa hiyo analipwa na nani?

Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa, nacho hakijapanda tangu 2009. Mfanyakazi wa bakshishi, hata hivyo, mwajiri anaruhusiwa kumlipa dola 2.13 tu, kiwango kilichoganda tangu 1991. Dola 5.12 zinazobaki huhesabiwa kuwa zimetoka kwa wateja. Zisipotimia katika wiki, mwajiri anawajibika kujazia. Punguzo hilo liliingia katika sheria mwaka 1966, pale ulinzi wa sheria ya ujira ya 1938 ulipofikishwa kwa watu wa mikahawa na hoteli. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kule mgeni amebebeshwa mshahara wenyewe. Sasa asipokuwapo?

Mwaka 1967 Wizara ya Kazi ilijibu kwa mifano miwili. Fundi wa matengenezo hotelini ambaye pia huhudumu mezani ana kazi mbili, na saa zake za ufundi hazikatwi kwa ajili ya bakshishi. Lakini mhudumu anayetenga sehemu ya muda wake kupanga meza, kuchoma mkate, kuchemsha kahawa, na mara mojamoja kuosha vyombo, huyo ana kazi moja. Mashauri mengi yamezaliwa na maneno hayo, "sehemu ya muda" na "mara mojamoja". Ni muda gani? Ni mara ngapi?

Mwongozo wa wakaguzi wa 1988 ukaweka mpaka: kazi za maandalizi zikizidi asilimia 20 ya saa za mhudumu, muda wote wa kazi hizo ulipwe kima kamili. Kwa wiki ya saa 40, mpaka ni saa 8. Wizara ikauondoa mwaka 2018, ikaurudisha 2021 kwa kanuni yenye nguvu zaidi: hata dakika 30 mfululizo za kazi hizo zikipita, zinazofuata zilipwe kamili. Agosti 2024 mahakama ya rufaa iliyoko New Orleans ikaitengua kanuni hiyo, na Desemba wizara ikarejesha maneno ya 1967.

Hoja ya mahakama nimeisoma kwa makini. Sheria, walisema majaji, inamtazama mtu aliye katika kazi ambayo kwa kawaida humpatia bakshishi ya zaidi ya dola 30 kwa mwezi. Inatazama kazi kwa ujumla wake, haigawi dakika. Kisarufi hoja ina uzito. Lakini chukueni zamu ya saa 6, mbili kati yake zikiwa za kufagia na kupanga. Kwa saa hizo mbili mwajiri anatoa dola 4.26 badala ya 14.50. Zile 10.24 zinatoka katika bakshishi ambayo mteja wa saa mbili usiku alidhani anampa binti aliyemhudumia vizuri. Kwa maoni yangu, mteja yule amemlipia mwajiri mfagizi, na hakuna aliyemuuliza. Sioni jina jingine la jambo hilo isipokuwa dhuluma.

Majimbo saba, California na Minnesota yakiwamo, hayana punguzo hilo: mhudumu hulipwa kima kamili cha jimbo, na bakshishi ni yake juu ya hapo. Mikahawa ya huko ingali wazi.

Nasema haya nikiwakumbuka vijana wetu, wengi wakiwa wametoka Kongo na Burundi, wanaoanza maisha Marekani kwa kazi za mikahawani. Mwajiri hana haki ya kuchukua punguzo asipomweleza mfanyakazi kwanza. Meneja haruhusiwi kugawiwa bakshishi ya wahudumu. Dai la ujira lina miaka miwili, au mitatu ikiwa mwajiri alikiuka sheria kwa makusudi. Kwa hiyo tangu zamu ya kwanza, kijana na aandike kwenye daftari lake saa aliyoingia, saa aliyotoka, na kila saa aliyoshika ufagio.